Namna ya kuutembelea mji wa Trieste kwa siku tatu

Ukimwambia mtu unakwenda Italia, atakutajia Roma, Venice na labda Milano. Trieste haitajwi. Mji huu wenye wakazi wapatao 200,000 umejikunyata kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya nchi, bahari ya Adriatic mbele na mpaka wa Slovenia mgongoni, na watalii wengi wakishafika Venice huona Italia imeishia hapo. Mimi nilifika mara ya kwanza kwa mafunzo ya wiki tatu, kama walivyofika Waafrika Mashariki wengi kabla yangu, na wiki nzima ya mwanzo niliimaliza baina ya darasa na kitanda. Nimerudi mara mbili tangu hapo, kwa nauli yangu mwenyewe, kutembea tu.

Ushauri wangu mkubwa nautanguliza: lala Trieste. Wapo wanaokuja asubuhi kutoka Venice, wanapiga picha uwanja mkuu, wanakula, na saa kumi wako ndani ya treni. Wanaondoka wakati mji ndio kwanza unatoka nje. Trieste ni bandari, na sisi watu wa pwani tunajua kwamba bandari huonwa jioni, jua linapozama na watu wanapoteremka kupunga upepo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, na uujue upepo

Mei, Juni na Septemba ni miezi mizuri. Julai na Agosti kuna joto na wenyeji wote wako ufukweni. Oktoba ina neema yake: Jumapili ya pili ya mwezi huo hufanyika Barcolana, mashindano ya majahazi ya tanga yaliyoanza mwaka 1969. Mwaka 2018 vyombo 2,689 vilishiriki, ghuba nzima ikawa nyeupe kwa matanga. Ukitaka kuyaona, tafuta chumba miezi kadhaa kabla.

Majira ya baridi ndiyo ya upepo uitwao Bora. Jina linatokana na Boreas, upepo wa kaskazini wa Wagiriki wa kale, ingawa kwa sikio la Mswahili linasikika kama sifa. Hushuka ghafla kutoka nyanda za mawe za Karst nyuma ya mji na kuelekea baharini, na unaweza kuvuma kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Zamani walifunga kamba kwenye mitaa ili wapita njia wapate pa kushikilia. Mwavuli uache nyumbani, utageuzwa na kuvunjika siku ya kwanza. Chukua koti lenye zipu na kofia ya kufunga kidevuni, na kwa akina mama wanaojitanda, pini ziwe nyingi kuliko ulivyozoea.

Hatua ya 2: Fika kwa treni, na ukae upande wa kulia

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani anahitaji viza ya Schengen. Iombe kwa Italia kama Italia ndiko utakakokaa siku nyingi zaidi katika safari yako.

Trieste ina uwanja wake wa ndege huko Ronchi dei Legionari, wenye daraja la waenda kwa miguu linalokupeleka moja kwa moja kwenye kituo cha treni, na kutoka hapo ni kama nusu saa mpaka mjini. Wengi lakini watatua Venice. Panda treni ya mkoa kutoka Venezia Mestre, mwendo wa takriban saa mbili. Tiketi ya karatasi ya treni hizi lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kilichopo kituoni kabla ya kupanda. Mimi nilikuwa na tiketi halali mfukoni, sikuigonga, na mkaguzi akanitoza faini bila kutaka maelezo. Usirudie kosa langu.

Keti upande wa kulia. Kwa muda mrefu utaona mashamba ya mahindi na viwanda, kisha baada ya Monfalcone reli inapanda ukingo wa mwamba na bahari inafunguka chini yako bila taarifa. Mara ya kwanza nilikuwa nimesinzia upande wa kushoto.

Ukitoka stesheni utakuwa Piazza della Libertà. Jioni utawakuta hapo vijana waliotembea kwa miguu kutoka nchi kama Afghanistan na Pakistan kupitia milima ya Balkan, na watu wa kujitolea wakiwafunga bandeji miguuni. Usiwapige picha. Na wewe mwenyewe, pasipoti yako iwe mwilini kila wakati. Mji huu uko mpakani, askari hukagua watu, na sisi wenye ngozi nyeusi husimamishwa mapema kuliko wengine. Mimi nilisimamishwa mara moja, nikatoa pasipoti, na dakika mbili baadaye nikaendelea na njia yangu.

Hatua ya 3: Jioni ya kwanza, tembea kutoka mfereji hadi gatini

Tafuta chumba katika Borgo Teresiano, mtaa ulio baina ya stesheni na uwanja mkuu. Ni tambarare, na karibu kila utakachokitaka mjini utakifikia kwa miguu.

Mtaa huu una jina la mwanamke ambaye mababu zetu wa pwani walimjua kwa sura. Ni Maria Theresa, malkia wa Austria, yule mama aliyechongwa kwenye sarafu kubwa ya fedha tuliyoiita riale, iliyotumika Zanzibar na mwambao wote katika karne ya 19. Kila sarafu iliandikwa 1780, mwaka aliokufa, hata zile zilizopigwa miaka mingi baada yake. Trieste ilikuwa bandari kuu ya Austria, na shehena za sarafu hizo zilipakiwa melini hapa kwenda Misri na Bahari ya Shamu, kisha zikateremka kwetu mkono kwa mkono. Baba yake, Karl wa Sita, aliitangaza Trieste bandari huru mwaka 1719. Binti akafukia mashamba ya chumvi na kuchora mitaa iliyonyooka unayoikanyaga leo.

Bandari huru huvuta kila aina ya mfanyabiashara. Simama kando ya Canal Grande, mfereji ambao zamani meli ziliingia mpaka milangoni mwa maghala, na utazame nyumba za ibada: Sant'Antonio Nuovo la Wakatoliki kwenye kichwa cha mfereji, na pembeni yake San Spiridione la Waserbia, lenye makuba ya buluu. Wagiriki wana lao ufukweni. Mitaa michache nyuma ipo sinagogi ya mwaka 1912, moja ya kubwa zaidi Ulaya. Aliyekulia Mombasa au Mji Mkongwe ataielewa ramani hii bila kufundishwa. Juu ya daraja la Ponterosso kuna sanamu ya James Joyce, mwandishi Mwairishi aliyeishi hapa miaka mingi akifundisha Kiingereza. Kila mtu hupiga naye picha, nawe piga, uendelee.

Fuata bahari mpaka Piazza Unità d'Italia. Usiuingie uwanja huu kupitia vichochoro vya nyuma. Uingie ukitokea upande wa maji, kwa sababu ndivyo ulivyojengwa uonekane: pande tatu majumba makubwa, upande wa nne wazi kabisa, bahari. Ukiipa bahari mgongo, mbele yako ni jengo la manispaa, na kulia kwako ni jumba la Lloyd lililokamilika mwaka 1883, sasa makao ya serikali ya mkoa. Hilo litazame vizuri. Kampuni ya meli iliyokuwa humo ndiyo ambayo miaka ya 1950 ilikuwa na meli pacha Africa na Europa, zilizotia nanga Mombasa na Dar es Salaam zikielekea Afrika Kusini. Wazee wetu waliokwenda masomoni Ulaya kwa meli, baadhi yao walipita humo. Kati ya uwanja ipo chemchemi ya karne ya 18 ya mabara manne, Afrika likiwemo.

Sasa angalia saa. Jua likikaribia kuzama, nenda Molo Audace, gati la mawe linaloanzia kando ya uwanja na kuingia baharini zaidi ya mita 200. Halina ukuta wala duka. Wenyeji huja kulitembea mpaka mwisho na kurudi, wazee wameshikana mikono, vijana wameketi ukingoni miguu ikining'inia. Chini yake imelala meli San Carlo iliyozama mwaka 1740. Walishindwa kuiondoa, wakajenga gati juu ya mabaki yake. Mwishoni kuna dira ya shaba yenye majina ya pepo. Ukiitafuta kaskazi yake, ndiyo Bora.

Hatua ya 4: Jifunze kuagiza kahawa

Hapa nakusihi utulie, kwa maana Trieste ni mji wa kahawa kuliko mji wowote wa Italia. Magunia yameshushwa bandarini kwake kwa karne tatu. Kampuni ya Illy ilianzishwa hapa mwaka 1933. Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda, hivyo Mganda anayekunywa kikombe hapa huenda anakunywa jasho la jirani yake.

Shida ni kwamba wenyeji wana lugha yao ya kahawa, na ile uliyojifunza Roma itakuletea kitu kingine. Kahawa nyeusi fupi, ambayo Italia yote huiita espresso, hapa ni nero. Ukitaka itiwe maziwa kidogo yenye povu, sema capo. Ukitaka hiyo hiyo kwenye kiglasi badala ya kikombe, sema capo in b, herufi b ikitamkwa "bi". Ndiyo wanayoipenda zaidi. Na ukisema cappuccino utapewa kikombe kidogo mfano wa capo, kwa hiyo mwenye kutaka kikombe kikubwa cha maziwa ya asubuhi aombe caffelatte. Nilipoagiza capo in b kwa mara ya kwanza bila kukosea, muuzaji aliniuliza nimeishi Trieste miaka mingapi. Nilifurahi siku nzima.

Kunywa umesimama kaunta, ni bei nafuu. Ukikaa mezani utalipia na kiti, na uwanjani Piazza Unità kiti ni ghali. Lakini mara moja kaa, na ukae Caffè San Marco katika Via Battisti. Lilifunguliwa mwaka 1914, mwaka uliofuata askari wa Austria wakalivunja kwa kuwa lilikuwa kijiwe cha vijana waliotaka mji uwe wa Italia. Limefufuliwa na lina mbao nyeusi, meza za marumaru na duka la vitabu ndani yake. Unaweza kukaa na nero moja kwa saa mbili na hakuna atakayekufukuza. Tommaseo, la mwaka 1830, ni kongwe zaidi, ila mimi moyo wangu uko San Marco.

Kuhusu chakula, Mwislamu awe macho. Vibanda vya asili viitwavyo buffet vinauza nguruwe wa kuchemsha, na hata supu ya jota, ya maharage na kabichi chachu, mara nyingi hutiwa nyama hiyo. Neno la kukusaidia ni senza maiale, bila nguruwe. Lakini huu ni mji wa bahari: omba sardoni, dagaa wakubwa wa hapa, wa kukaanga au walioloweshwa kwa siki na vitunguu, utakula ukumbuke nyumbani.

Hatua ya 5: Asubuhi ya pili, panda San Giusto

Kilima cha San Giusto ndicho mji wa kale wenyewe. Basi namba 24 hupanda kutoka stesheni. Tiketi za basi huuzwa kwenye maduka ya sigara yenye herufi T, na huigonga ukishapanda. Mimi hupanda kwa basi na kushuka kwa miguu.

Kanisa kuu lilipatikana karne ya 14 kwa kuunganisha makanisa mawili yaliyokuwa bega kwa bega, ndiyo maana ndani limepinda kidogo. Kabla hujaingia, tazama miimo ya mlango: ni jiwe la kaburi la familia ya Kirumi, limepasuliwa katikati, nyuso za marehemu zikiwatazama waumini wanaoingia. Ndani, mozaiki za dhahabu. Ngome iliyo kando yake unaweza kuiruka kama pesa ni chache. Kushuka, pitia Arco di Riccardo, tao la Kirumi lililokwama kwenye ukuta wa nyumba ya watu, na umalizie kwenye magofu ya ukumbi wa michezo wa Kirumi uliofukuliwa mwaka 1938.

Hatua ya 6: Mchana, nenda Miramare

Panda basi namba 6 linalopita Barcola. Kiangazi utawaona watu wamelala juu ya saruji kando ya barabara, maana Trieste karibu haina mchanga. Kwa mwanamke asiyependa kuogelea mbele ya wanaume, mji huu una kitu adimu: La Lanterna, wenyewe huita Pedocin, ufukwe wa manispaa wa tangu mwaka 1903 wenye ukuta unaoingia mpaka majini, wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande mwingine. Wanawake wa Trieste wameukatalia mbali kila aliyetaka ukuta ubomolewe. Uko karibu na katikati ya mji na kiingilio ni kidogo sana.

Shuka mwisho wa basi, Grignano, uingie bustani ya Miramare. Bustani ni bure, kasri ni kwa tiketi. Kasri hili jeupe juu ya mwamba lilijengwa kuanzia 1856 na Maximilian, mdogo wa mfalme wa Austria na mkuu wa jeshi la majini. Chumba chake alikifanya kifanane na chumba chake melini, dari fupi na mbao kila upande. Mwaka 1864 alikubali kwenda kuwa mfalme wa Mexico, nchi asiyoijua, na mwaka 1867 akapigwa risasi huko. Mkewe Charlotte alirukwa na akili, akaishi hivyo hadi 1927. Msomaji wa Kongo ajue kwamba Charlotte alikuwa dada wa Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mimi nilipolisikia hilo nilirudi chumba cha kwanza nikaanza kuzitazama picha zake upya.

Ukingoni mwa bustani hiyo ipo taasisi iliyonileta mimi. Mwaka 1964 mwanafizikia Mpakistani Abdus Salam alianzisha hapa kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ili msomi wa nchi maskini apate maktaba, wenzake na muda wa kufikiri bila kulazimika kuihama nchi yake moja kwa moja. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel. Walimu wengi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wamepita humo. Si mahali pa kutalii, lakini ukiwa na mwalimu uliyempenda aliyewahi kutaja Trieste darasani, simama getini kidogo. Mimi husimama.

Hatua ya 7: Siku ya tatu, Risiera kisha mlimani

Asubuhi nenda Risiera di San Sabba, kusini mwa mji. Kilikuwa kiwanda cha kukoboa mpunga. Kuanzia 1943 Wanazi walikigeuza kambi, wakajenga tanuri, na maelfu ya watu waliuawa humo. Kiingilio ni bure. Unaingia kupitia njia nyembamba baina ya kuta ndefu za saruji, na mahali tanuri lilipokuwa pamebaki alama ukutani. Nenda ukiwa umekula, usipange miadi saa inayofuata, na watoto wadogo waachie mwenzio.

Kisha nenda Piazza Oberdan, linapoanzia tramu la Opicina. Limepanda mlima tangu 1902, na penye mwinuko mkali husukumwa na kigari kinachovutwa kwa waya. Lilisimama baada ya ajali ya mwaka 2016 na kurejea 2025, lakini husimama tena mara kwa mara, kwa hiyo uliza kwanza. Mabasi ya kwenda Opicina yapo hapo hapo.

Kutoka Opicina, basi namba 42 linakwenda Grotta Gigante, pango lenye ukumbi wa karibu mita 100 kwenda juu. Utashuka na kupanda ngazi kama 500, na ndani ni nyuzi 11 mwaka mzima, beba sweta. Huingii peke yako, huongozwa kwa vikundi. Uliza habari za mabomba mawili yanayoshuka kutoka darini mpaka chini: ndani yake kuna pendulamu ndefu zinazopima jinsi ardhi inavyopumua kwa mvuto wa mwezi na kutikisika kwa matetemeko ya mbali. Sisi wa pwani tunajua maji kupwa na kujaa. Humo ndani utajifunza kwamba hata mwamba hujaa na kupwa.

Rudi mpaka kituo cha tramu cha Obelisco kabla ya alasiri kuisha. Hapo ndipo inapoanzia njia iitwayo Napoleonica, tambarare, ya kilomita zisizofika tano, ikifuata ukingo wa mlima hadi kijiji cha Prosecco. Mji, ghuba na meli zote ziko chini yako. Hoteli iliyokuwa hapo Obelisco ilimpokea mara nyingi Richard Burton, Mwingereza aliyeondoka pwani yetu mwaka 1857 na kufika Ujiji mwaka uliofuata akiongozwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Trieste tangu 1872, alikotafsiri Alfu Lela Ulela, na akafia mjini humo mwaka 1890. Katika njia hii mimi humfikiria zaidi Bombay, aliyerudi kuishi Zanzibar na ambaye jina lake halijaandikwa kwenye kibao chochote huku.

Vaa viatu vya kushika mawe, beba maji, na ukifika Prosecco angalia kwanza saa za basi la kurudi ndipo uketi kunywa kitu.